Kinyozi na Kichwa cha Yatima

Wengi wetu tuliokulia Unguja, Pemba, Mombasa au Maskati tumewahi kuisikia kwa wazee methali ya Kiarabu isemayo kuwa kinyozi hujifunzia kazi yake kwenye vichwa vya mayatima. Tukiwa watoto tuliicheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na kovu dogo nyuma ya sikio na alimjua aliyemtia. Hatukujiuliza kwa nini methali imetaja yatima. Kichwa cha mtoto mwenye baba hakina tofauti na cha yatima. Nywele ni zile zile na wembe ni ule ule. Tofauti ni kwamba mwenye baba akikatwa, jioni atakuja mtu barazani kuuliza.

Methali hiyo imeturudia kwa sababu ya mafunzo ya kupiga picha za video ambayo jumuiya yetu hapa Leicester iliwafanyia vijana miaka miwili iliyopita. Wakati ule tuliandika habari za mafunzo hayo katika jarida hili kwa furaha, pamoja na picha ya vijana wameshika vyeti. Yote tuliyoyaandika yalikuwa kweli. Lakini kuna jambo hatukuliandika, na tumeona si vyema kuendelea kulinyamazia, hasa sasa tunapojitayarisha kuanza mafunzo ya pili na wazazi wanatupigia simu kuuliza nafasi.

Kwanza tueleze tulikuwa na nia gani. Watoto wetu wengi hapa wanapenda kazi za filamu na televisheni. Wanasoma vyuoni, wanatoka na karatasi, kisha wakienda kuomba kazi wanaulizwa swali moja tu: umewahi kufanya nini? Kazi hizi katika nchi hii huingiwa kwa mlango wa nyuma. Mtu huanza kwa kutumwatumwa, kuleta chai, kubeba nyaya, kuzuia wapita njia wasiingie kwenye picha, na kwa muda mrefu wengi walifanya hivyo bila mshahara. Mwaka 2009 baraza la kazi la Reading liliamua kuwa msaidizi mmoja wa filamu, aliyekuwa akirejeshewa gharama zake tu, alistahili kulipwa kima cha chini cha mshahara kama wafanyakazi wengine. Ilikuwa hukumu nzuri. Hata hivyo mlango ulibaki mwembamba, na mtoto ambaye baba yake hawezi kumlipia chumba London miezi sita hapiti hapo. Kwa hiyo tulisema, wajifunze kwa mikono yao hapa hapa kwetu, ili wakiulizwa wamefanya nini wawe na la kuonyesha.

Tulijaaliwa kumpata ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake hapa Uingereza akishika maikrofoni juu ya vichwa vya watu wengine. Alikubali kuja kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili bila ya malipo. Vijana walikuwa tisa. Vyombo vilikuwa kamera mbili zilizokwisha tumika, kinasa sauti kimoja, na maikrofoni ndogo ya kubana nguoni.

Mwalimu huyu si mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza aliwapa vijana stendi ya kamera waikunje na kuikunjua mpaka vidole viliwauma. Aliwafundisha kutandaza waya ili mtu asijikwae, kuiacha kamera ikimbie sekunde kumi kabla ya mtu kusema na sekunde kumi baada ya kunyamaza, na jambo moja lililotushangaza sisi watu wazima tuliokuwa tumekaa nyuma tukinywa chai: kwamba kabla ya kuondoka katika chumba chochote lazima unase nusu dakika ya kimya chake, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na cha chumba kingine hakishonwi hapo kikakaa. Wiki ya tatu akasema sasa watoke, wakampige picha mtu.

Hapo ndipo kikao cha kamati kilipokaa kuamua mtu huyo awe nani.

Mwenyekiti wetu alijitolea. Ana habari nyingi za kueleza na ni msemaji mzuri. Tukamjibu, na maneno haya yamo katika kumbukumbu za kikao kile: «Mwenyekiti asubiri kidogo, vijana wakishajua kazi ndio waende kwake.» Yeye mwenyewe aliona ni busara. Mtu mmoja akauliza, basi kwa sasa waende kwa nani? Mwingine akamtaja Bibi. Akasema, «Yule yupo nyumbani siku zote, na hatakataa.» Hakuna aliyepinga. Tukapita ajenda ya pili, ya bili ya ukumbi.

Tutamwita Bibi tu, na wanaomjua watatuwia radhi. Ni mzaliwa wa Pemba. Anaishi peke yake ghorofani na magoti yanamsumbua, kwa hiyo hatoki ila kwenda hospitali na siku za Idi. Anapenda watoto wa watu kama wake. Vijana wawili walikwenda kwake, msichana wa kushika kamera na mvulana wa miaka kumi na saba wa kushika sauti. Msichana ndiye aliyembana Bibi ile maikrofoni kwenye mtandio, kwa heshima. Mvulana akavaa hedifoni zake, akakaa chini kwenye zulia kama alivyofundishwa.

Bibi akamtazama. Akamwambia, «Mjukuu wangu, mbona umeziba masikio nami nazungumza na wewe?»

Kijana huyu amelelewa vizuri. Akazivua. Tunawauliza wasomaji, mtoto wa nani kati yetu asingezivua? Akamtazama Bibi usoni kama inavyotakiwa mtu mzima anapozungumza, asiangalie kinasa sauti kilichokuwa pajani pake. Betri ya maikrofoni ilikuwa ya kuazimwa. Ilikufa dakika ya sita.

Vijana walikuwa wametumwa kuuliza habari za utoto na uchumaji wa karafuu, na kwa hizo dakika sita Bibi alieleza karafuu, jinsi watoto walivyopandishwa mtini na jinsi mikono ilivyonuka mpaka usiku. Kisha, bila ya kuulizwa na mtu, akatoka kwenye karafuu akaingia kwenye mambo ya Januari 2001. Wanaokumbuka wanajua: tarehe 27 ya mwezi ule polisi walifyatua risasi kwenye maandamano, na siku zilizofuata watu zaidi ya elfu mbili wakakimbia kwa majahazi na ngalawa mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Bibi alikuwa miongoni mwao. Alieleza usiku wa safari ile na habari za mtu aliyekuwa pamoja naye. Alizungumza nusu saa na zaidi. Watu waliomjua Bibi miaka na miaka hapa Leicester hawakuwahi kumsikia akitaja jambo lile.

Picha ipo, dakika arobaini na moja. Sauti ni dakika sita, zote za karafuu.

Tulipomwomba arudie, hakukasirika. Alisema, «Hayo nimeshayasema. Niliwaambia watoto. Kama mashine haikusikia, wao walisikia.» Na hajarudia mpaka leo.

Kwa kuwa sisi ni watu wa kujitetea kama watu wengine, tulijitetea. Hoja yetu ya kwanza ilikuwa kwamba ufundi haujifunzwi kwa njia nyingine. Hoja hii ni ya zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alieleza kuwa mtu huwa mwashi kwa kujenga na huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hakuna aliyejua kwanza akajenga baadaye. Kisha akaongeza jambo ambalo ukilifikiri linatisha kidogo, kwamba hata uadilifu hupatikana vivyo hivyo: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda mambo ya uadilifu. Yaani hata wema una unagenzi wake. Na mwanagenzi wa wema atajifunzia wapi, kama si kwa watu?

Basi hoja ina nguvu, lakini ina tundu. Seremala mwanagenzi akiharibu ubao, ubao huwa kuni. Mshonaji akiharibu kitambaa, kitambaa huwa dekio na mwenyewe hulipwa kingine. Hasara za ufundi mwingi zinapimika, na aghalabu huangukia mali ya fundi mkuu, ambaye ameihesabu tangu alipompokea mwanafunzi. Mwenye kamera hana ubao. Kinachokatwa mkononi mwake ni saa moja ya mtu, na pengine ni saa ambayo mtu huyo ataifungua mara moja tu katika umri wake. Fundi mkuu hawezi kulipa nyingine.

Tulimwuliza mwalimu, kwa nini basi vijana wasijifunzie kwa viti na chupa mpaka mikono izoee? Jibu lake lilitunyamazisha. Alisema amewaona waliojifunza hivyo. Wanajua kupiga picha viti na chupa. Siku wanapokaa mbele ya mtu anayelia, mkono unatetemeka kama wa siku ya kwanza, kwa sababu kwao ndiyo siku ya kwanza. Kutulia mbele ya jambo zito hujifunzwa mbele ya jambo zito. Tumelipindua jibu hili mara nyingi na hatukuliona kosa lake. Hatuwezi kwa hiyo kusema vijana wajifunzie kwa visivyo na thamani halafu waende kwa watu. Watu hawaepukiki.

Hoja yetu ya pili ilikuwa kwamba Bibi aliridhia. Tuna karatasi, kurasa mbili za Kiingereza, Katibu alimfasiria kwa mdomo naye akatia sahihi. Lakini tufikiri aliridhia nini. Hapa Uingereza ukienda hospitali, daktari hukuambia, leo nipo na mwanafunzi, utaridhika akikaa nasi? Unaweza kusema hapana, na hapana yako haikupunguzii matibabu. Sisi tulimwambia Bibi, «Watoto wanakuja kukurikodi.» Sentensi hiyo ni ya kweli kila neno. Hatukumwambia, «Watoto hawa hawajajua bado, na huenda wakaharibu. Usiwape ila kile ambacho uko radhi kipotee.» Tungemwambia hivyo, labda angebaki kwenye karafuu. Na tungemweleza mapema hedifoni ni kitu gani, kwamba katika kazi ile kuziba masikio ndiko kusikiliza, na kwamba kijana anayekutazama tu usoni ndiye asiyekusikia, asingemwuliza mtoto swali lile. Lilikuwa jukumu la watu wazima kwenda mbele na kueleza. Tukamwachia kijana wa miaka kumi na saba achague peke yake kati ya adabu ya nyumbani kwao na adabu ya kazi, na muda wa kuchagua ulikuwa sekunde moja.

Hata haya bado si kiini cha jambo. Kiini kimo kwenye ile sentensi ya kumbukumbu za kikao. Tulijua hatari ilikuwapo, maana tulimkinga nayo mtu mmoja. Huwezi kusema hukujua kuwa mvua inanyesha ilhali umemfunika mwenzako mwavuli. Tulihesabu, bila ya kusema kwa sauti, kosa likitokea kwa Mwenyekiti litatugharimu nini, na likitokea kwa Bibi litatugharimu nini. Hesabu ilikuwa sahihi. Likatokea kwa Bibi, na halikutugharimu kitu. Hakuja mtu barazani kuuliza.

Na hatukuwa wa kwanza. Picha za sinema zilipoanza kutengenezwa kwetu kwa mpango, zilianza namna hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi uliotengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, ambazo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Mradi wenyewe, kwa jina lake rasmi, uliitwa jaribio. Walikuwa wanajifunza: filamu gani mtu wa kijijini ataielewa, mwendo gani wa picha utamfaa, sauti itiweje kwenye sahani ya santuri ikaenda sambamba na picha isiyo na sauti. Walijaribu mambo ambayo hawakuwa na uhakika nayo, na hilo peke yake si dhambi, ndilo jambo tunalolisema tangu mwanzo. Lakini jaribio lile halikufanywa kwa watazamaji wa London. Waafrika waliigiza, walisaidia kazi, walitazama. Kuamua kipi kimefaulu na kipi kimeharibika lilikuwa shauri la wengine.

Tusieleweke vibaya. Kuna upande wa pili wa jambo hili, na mfano wake tunao nyumbani. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alipata kamera angali mtoto wa shule. Upigaji picha alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1963, na umri wake miaka ishirini tu, akaanzisha Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Picha alizopiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, akiwa na mwandishi wa BBC Michael Buerk, ziliufanya ulimwengu uione njaa ile. Mwaka 1991 ghala la silaha liliripuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, akafa, na yeye akapoteza mkono. Akavaa mkono wa bandia akarudi kazini, mpaka Novemba 1996 alipofariki katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Baada yake mwanawe Salim alianzisha Nairobi mfuko wa kuwafunza vijana kazi hii kwa kuifanya.

Mkono ule haukufunzwa na chuo. Ulifunzwa na watu wa Dar es Salaam waliokubali kusimama mbele ya kijana aliyekuwa bado anajaribu. Kama kila mmoja wao angesema, nenda kajifunze kwanza ndipo uje, pasingekuwa na wa kwenda Korem. Kwa hiyo mtu anayejitoa apigwe picha na asiyejua anatoa kitu kikubwa, kikubwa kuliko anachotoa yule anayesubiri fundi aive. Ndiyo maana ni lazima aambiwe kuwa anakitoa.

Msumbiji, jirani zetu wa kusini, nao wana habari inayofaa kutajwa hapa. Baada ya uhuru wa 1975 walitaka nchi mpya ipigwe filamu, na wageni mashuhuri walialikwa. Mmoja wao, Mfaransa Jean Rouch, aliona afadhali wenyeji wafundishwe waipige nchi yao wenyewe. Mwaka 1978 yakafanyika Maputo mafunzo ya vitendo kwa kamera ndogo za Super 8, na kutokana na mbegu ile ikazaliwa Paris, mwaka 1981, Ateliers Varan, mahali ambapo mwanafunzi hafundishwi sana kwa maneno. Hutengeneza filamu yake tangu mwanzo mpaka mwisho na wenzake wakaikosoa. Rouch huyu tutarudi kwake baada ya mistari michache, kwa sababu ndiye aliyetuamulia ugomvi.

Ugomvi ulikuwa juu ya zile dakika thelathini na tano za kimya. Siku ya kufunga mafunzo ilikaribia, na kila kijana alitakiwa aonyeshe kitu ukumbini. Mmoja wetu, mtu mwenye nia njema kabisa, alipendekeza picha ile ifupishwe iwe dakika tatu, zichaguliwe pale ambapo Bibi anafuta uso na pale anapoonyesha kwa mikono ukubwa wa mawimbi, kisha chini yake litiwe udi laini. Watu watalia, alisema. Na kwa hakika wangelia. Tuliijaribu kwenye kompyuta na sisi wenyewe tukalia, wanaume wazima, tukatafutana macho.

Mwalimu peke yake hakulia. Akatuhadithia habari ya Rouch. Miaka ya 1950, kule Niger, Rouch alirudi kwa wavuvi wa Kisorko kuwaonyesha filamu aliyowapiga wakiwinda kiboko mtoni. Kwenye mawindo alikuwa ametia muziki wa wawindaji, wa kwao wenyewe, akidhani ameutendea haki ushujaa wao. Wavuvi wakamwambia autoe. Kiboko ana masikio, walimwambia. Ukipigwa muziki atakimbia. Watu wale hawakuwa wamesoma filamu popote, lakini walijua jambo ambalo aliyewapiga hakulijua: kwamba saa ile ilikuwa ya kimya. Basi mwalimu akasema hatachagua yeye wala kamati. Twende kwa Bibi.

Tukaenda na kompyuta. Tulimwonyesha kwanza ile fupi yenye udi. Akaitazama kwa makini, akasema, «Nzuri. Ya nani hii?»

Kisha tukamwonyesha ile ndefu isiyo na sauti. Tulitaka kuikatisha katikati, tukiona labda anachoka, akatuzuia kwa kiganja. Aliangalia mpaka mwisho. Mara mbili alitikisa kichwa, kama mtu anayemsikia mwenzake akisema kweli. Ilipomalizika akasema, «Kumbe nakunja mikono kama marehemu mama.» Akanyamaza. Halafu akauliza, «Na yule kijana, ameshajua kazi?»

Hatukuwa na jibu. Kijana hakurudi tena baada ya wiki ya tatu. Katika ile picha ya vyeti tuliyoitoa jaridani wamo vijana wanane, na hakuna msomaji aliyehesabu.

Swali la Bibi limetugawa. Wako katika kamati wanaosema limetusamehe: Bibi amehesabu habari yake kuwa ni sadaka kwa elimu ya mtoto, na sadaka ikishatolewa haina mjadala. Wengine wetu hatulioni hivyo. Sadaka ni shauri la mtoaji kabla ya kutoa. Kitu kilichochukuliwa kwanza kikasamehewa baadaye hakigeuki sadaka, kinabaki deni lililosamehewa, na aliyesamehewa hawezi kukiandika katika mapato yake. Tena Bibi hakuuliza kama sisi tumesamehewa. Aliuliza kama kijana ameshajua. Ikiwa alitoa chochote, alikitoa kwa sharti hilo, na sharti hilo halijatimia. Kijana sasa anafanya kazi ya ghala, zamu ya usiku. Tumempigia simu mara mbili kumwambia mafunzo yanaanza tena. Mara ya kwanza alishukuru. Mara ya pili mama yake alipokea akasema amelala.

Tumepata habari, si kutoka kwake, kwamba Jumapili huenda kumpandishia Bibi vitu vya dukani, na huchelewa kurudi. Mmoja wetu alikutana naye ngazini akamwomba, kwa kuwa yeye na yule msichana ndio waliosikia, walau waiandike ile habari isije ikapotea kabisa. Akajibu kwa heshima, «Hakunipa mimi niwape nyinyi, mjomba.» Tulipolisikia jibu hilo wengine walikasirika. Sisi tunaoandika haya tunadhani ni jibu la mtu aliyejifunza kitu katika wiki zile tatu, ingawa si kile tulichokiandika kwenye ratiba.

Mafunzo mapya yataanza mwezi ujao, Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Mpango tumeubadilisha. Wiki ya kwanza ya kupiga picha vijana wenyewe watakaa kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine, na kuulizwa na mwenzao jambo ambalo wasingependa kuulizwa, kisha watatazama walivyoharibiwa. Wiki itakayofuata watakaa wajumbe wa kamati. Betri zitakuwa mpya. Baada ya hapo ndipo wataendewa wengine, na kila mtu ataambiwa kwa Kiswahili, kabla ya karatasi yoyote, kwamba aliye mbele yake ni mwanagenzi na kwamba anaweza kuharibu. Naye ataonyeshwa kilichopigwa kabla ya mtu mwingine. Mwalimu wetu anasema kwa utaratibu huu tutapata watu wachache wa kukubali. Huenda.

Mwenyekiti atakaa wa kwanza katika wajumbe. Ametuletea ujumbe wenye maombi matatu: apewe maswali kwa maandishi wiki moja kabla, aione picha kabla haijaonyeshwa kwa mtu yeyote, na sauti ishikwe na mwalimu mwenyewe. Mawili ya kwanza tumemkubalia, nayo yatakuwa ya kila mtu. La tatu tumemjibu kuwa sauti itashikwa na mwanafunzi.